Kodi ya Samaki Mmoja kwa Mwaka

"Basi mwambie huyo Serikali aje mwenyewe aung'oe," alisema Khiroda, akauegemeza ubao kwenye dirisha la tiketi. "Mimi nimeshaung'oa mara mbili na kiuno kinaniuma."

Stesheni masta Haranath aliutazama ule ubao kupitia dirishani kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyeupe: MALI YA SERIKALI. MARUFUKU KUOGA, KUFUA, KUVUA SAMAKI NA KUOSHA VYOMBO. Misumari yake ilikuwa bado na matope.

"Shemeji, kung'oa ubao wa Serikali ni kosa."

"Na kupigilia ubao kwenye bwawa la mtu?"

"Si la mtu tena. Limo kwenye orodha. Serikali imeinunua reli kutoka kwa Kampuni, na bwawa limeuzwa pamoja na reli."

"Pamoja na reli," Khiroda akarudia. "Kwani reli inapita majini siku hizi? Injini zenu zimeota mapezi?"

Muuza vyungu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akacheka. Haranath akamkatia tiketi ya mahali asikokwenda, naye akaipokea.

"Miaka ishirini na saba, Haranath. Miaka ishirini na saba injini yenu inakunywa kwangu kama ng'ombe wa nyumbani. Leo ng'ombe ndiye kanunua maji. Na wewe umekaa hapo na kofia mpya ya Serikali, hata kunitazama usoni huwezi. Mwaka jana ulipopotewa na sauti siku nane, ukawa unaita abiria kwa bendera kama bubu, asali uliyolamba ilitoka kwa Serikali?"

Haranath akajishika koo. Akasema treni imechelewa, akafunga dirisha. Treni kweli ilikuwa imechelewa, lakini hiyo haikuwa sababu. Treni ya Dhulgaon haikupata kuwahi tangu ilipozaliwa.

Reli yenyewe ilikuwa nyembamba kama kamba ya kuanikia nguo, maili ishirini na mbili kutoka Kusumhati hadi gati la Palashdanga kwenye mto Padma. Matajiri watatu wa Kalkuta na mwenye ardhi mmoja wa huku ndio walioijenga, wakaiita Kampuni. Watu waliiita Shangazi, kwa sababu huja akipenda, hupumua kwa shida, na hakubali kuondoka mpaka kila mtu amemuaga.

Khiroda aliolewa Dhulgaon akiwa na miaka kumi na sita, mwaka uleule Shangazi alipofika. Alishuka kwenye machela upande mmoja, injini ikashushwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe upande wa pili, na wanakijiji wakaenda kutazama injini. Jambo hilo hakulisamehe kwa muda mrefu. Alikuwa mweusi wa kupendeza, mdomo mwepesi, mikono mizito kwa kazi, na baba mkwe wake, mzee Ishan, alimpenda kuliko alivyowapenda wanawe, kwa kuwa ndiye pekee katika nyumba ile aliyediriki kumwambia kwamba mchuzi wake una chumvi kidogo kwa sababu chumvi yenyewe huificha yeye chini ya mto wa kulalia.

Bwawa lilikuwa la mzee Ishan. Si kubwa, lakini chini yake kuna chemchemi, na kiangazi mabwawa mengine yanapogeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, lile hubaki na maji ya kumfika mtu kifuani. Injini ya Shangazi ilikuwa na tumbo dogo. Bila kunywa Dhulgaon isingefika Palashdanga. Basi yule mwenye ardhi akaja na wapambe wake, akauliza bei ya maji.

Mzee Ishan akasema maji hayauzwi. Kuuza maji ni aibu, hata mwenye kiu akiwa chuma. Lakini kutoa bure kwa tajiri nako ni upumbavu. Wakakaa kutwa nzima wakitafuna tambuu, na jioni wakaafikiana: Kampuni italeta kila mwaka, Siku ya Mkwe, samaki mmoja aina ya ilishi asiyepungua ratili nne, na treni itasimama na kupiga honi mpaka samaki huyo apokewe mbele ya watu. Karatasi haikuandikwa. Kumdai jirani karatasi, alisema mzee, ni kumwambia usoni kwamba ni mwizi. Alikuwa mtu muungwana sana, na waungwana ndio wanaotuachia kesi.

Siku ya Mkwe huku kwetu si mchezo. Ni siku ambayo mama mkwe humwalika mume wa binti yake, akampepea, akamlisha, akamwekea kichwa cha samaki kwenye sahani kama taji. Mama ambaye hana samaki siku hiyo afadhali aseme anaumwa. Khiroda alifiwa na mumewe akiwa na miaka thelathini na moja, akabaki na binti mmoja, Shoilobala, na bwawa. Akavaa sari nyeupe, akaacha samaki na vitunguu kama wajane wote, akapika chakula chake kwenye chungu chake. Lakini Shoilobala alipoolewa na mwalimu Gopeshwar wa Kusumhati, samaki wa Kampuni alipata mdomo wa kumwingia. Kila mwaka Khiroda alisimama kwenye jukwaa la stesheni na sinia la shaba, injini ikalia, Haranath akatoka ofisini na ilishi amefungwa kwenye jani la mgomba, na Khiroda akampima kwa macho mbele ya abiria wote.

"Huyu ni ratili nne?"

"Na robo, shemeji."

"Hiyo robo ni ya jani."

Hivyo ndivyo walivyoishi, miaka mingi, wakigombana kama shemeji na shemeji, yaani bila kuumizana.

Mwaka jana ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya Mkwe ilifika, Khiroda akasimama na sinia lake, Haranath akatoka mikono mitupu. Akasema Kampuni iko mbioni kuuzwa na imefuta gharama zote za hovyo. Khiroda alibishana naye robo saa, treni imesimama, hata dereva Momin aliyekuwa bwawani akiijaza injini maji akadhani ni ule ugomvi wa kila mwaka juu ya uzito. Mwisho akarudi nyumbani na sinia tupu, akampikia mwalimu Gopeshwar boga. Alilipika kwa namna tatu, lakini boga ni boga. Mwalimu alikula kwa adabu, akaaga kabla ya saa tisa, na tangu siku hiyo hakumleta Shoilobala hata mara moja. Barua zake zilisema kazi ni nyingi. Khiroda alijua hiyo kazi inaitwa boga.

Na sasa bwawa lenyewe.

Aliyeliuza aliitwa Nibaran Poddar, karani mkuu wa Kampuni, mtu mnene mwenye mwavuli na wino kwenye kila kidole. Serikali ilikuwa inanunua zile reli ndogo za watu binafsi, moja baada ya nyingine, na bei ilipangwa kwa orodha: kila kitu cha Kampuni kiandikwe, kithaminiwe, kilipwe. Matajiri wa Kalkuta walimwambia Nibaran aandike kwa moyo mkunjufu. Akaandika. Akaandika mikokoteni miwili iliyokwisha kuliwa na mchwa. Akaandika mti wa mkwaju uliokuwa wa kunguru. Akaandika mabenchi kumi na sita, wakati Kampuni nzima ilikuwa na manne. Na chini ya mkwaju akaandika: bwawa moja la maji ya injini, lenye ngazi za matofali, hali nzuri.

Ngazi zile alizijenga marehemu mume wa Khiroda, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe.

Sasa, mtu mwingine angeuliza: bwawa tu, si akachote maji kwingine? Mjane hana shamba. Bwawa lilimpa maji ya bustani, samaki wadogo wa kubadilishana na mchele, na heshima ya kuamka kwenye nyumba yake. Bila bwawa angehamia kwa mpwa wa mumewe Kalkuta, ambaye alikwisha kuandika kwamba jikoni kwake pana nafasi. Khiroda aliijua hiyo nafasi. Ni ile iliyo kati ya jiko na rundo la vyombo vichafu.

Basi akaandika malalamiko. Kusoma alijifundisha kwenye kitabu cha darasa la kwanza cha Shoilobala, kwa hiyo herufi zake zilikuwa kubwa na kila moja imesimama peke yake. Alinunua kadi ya posta akaandika:

"Kwa Bwana Serikali. Umeuziwa bwawa langu na mtu asiye na bwawa. Wewe hukujua, kwa hiyo sina ugomvi na wewe bado. Kampuni ilikuwa mpangaji wangu wa maji kwa samaki mmoja kila mwaka, na mwaka jana haikulipa. Njoo uone. Ukija usikae kwenye benchi, kila akija mkubwa hupakwa rangi upya. Khiroda, Dhulgaon."

Kadi hiyo ilizunguka ofisi nne, na kila ofisi iliisoma kwa sauti. Mwishowe ikamwangukia afisa mthamini, Bwana Tofazzal Ali, kijana mwembamba mwenye kofia ya jua iliyomzidi kichwa. Ilikuwa bahati ya Khiroda kwamba Serikali ilikuwa bado imeshikilia theluthi ya mwisho ya malipo mpaka orodha ihakikiwe. Wiki moja kabla ya Siku ya Mkwe, Bwana Tofazzal akapanda Shangazi kutoka Kusumhati, Nibaran akiwa pembeni yake na mwavuli.

Kwenye stesheni ya kwanza afisa alihesabu mabenchi manne. Kwenye ya pili, manne. Alipofika Dhulgaon, ambayo ni ya tatu, akayakuta manne yamepangwa kivulini, akasimama mbele ya moja.

"Benchi hili lina alama ya kuungua," alisema. "Kama kaa la buruma limeangukia hapa."

"Wavutaji ni wengi, Bwana," Nibaran akasema.

"Ndiyo. Na wote huunguzia palepale, inchi nne kutoka mkono wa kushoto. Nimeiona alama hii asubuhi mara mbili." Akaligusa, akatazama kidole chake kilivyogeuka kijani. "Yule mama wa kadi aliniambia."

Nyuma ya treni, wapagazi wanne waliokuwa wakisubiri kuyapakia mabenchi kwenye behewa la mizigo wakaanza kutazama mawingu.

Bwana Tofazzal hakukaa. Akaomba meza, akaitwa Khiroda, akaitwa Haranath, na kijiji kizima kikaja bila kuitwa. Dereva Momin aliegemea injini yake. Alikuwa na ratiba, lakini hakuna aliyemkumbusha.

"Mama," afisa akaanza, "unasema bwawa ni lako."

"Sisemi, mwanangu. Ni langu. Kusema nasema kwa ajili yako."

"Una hati?"

"Ya bwawa ilikuwepo. Mafuriko ya mwaka wa ndui yaliibeba pamoja na sanduku na mbuzi wawili. Mbuzi mmoja alirudi."

Watu wakacheka. Afisa alikuna sikio.

"Kama Kampuni ilikuwa mpangaji wako, basi hiyo yatosha, mpangaji hawezi kuuza. Una risiti za hiyo kodi?"

"Tulikula."

"Mlikula risiti?"

"Kodi ilikuwa samaki. Mwanangu, wewe ungemweka samaki kwenye faili?"

Hapo Nibaran akafunga mwavuli wake, dalili kwamba amepata neno. "Bwana afisa, mtazame huyu mama. Sari nyeupe, mkono hauna bangili. Ni mjane wa Kihindu. Wajane wetu hawali samaki. Hata harufu yake wanaikimbia. Leo anakwambia Kampuni yetu, yenye wasomi watatu, ilimlipa kwa kitu asichoweza kutia mdomoni. Ni sawa na mimi kukwambia wewe unalipwa mshahara kwa nyama ya nguruwe."

Lilikuwa neno baya, lakini lilikuwa na makali. Afisa akamgeukia Khiroda.

"Bwana Karani," Khiroda alisema taratibu, "wewe una binti?"

"Ninao watatu."

"Wameolewa?"

"Wawili."

"Na Siku ya Mkwe wakwe zako wanakula nini kwako? Orodha?"

Watu waliangua kicheko, na Bwana Tofazzal, ambaye mwenyewe alioa majira ya baridi yaliyopita na alikuwa bado analishwa kwa ukweni kama bata wa sikukuu, akainama kuokota kalamu ambayo haikuanguka.

"Samaki alikuwa wa mkwe," Khiroda akaendelea. "Zamani wa wakwe wa baba mkwe wangu, baadaye wa mkwe wangu mimi. Mimi sikumwonja. Na kama ni maandishi mnataka, muulizeni huyu." Akamwonyesha Haranath kwa kidevu. "Ana Daftari la Kuchelewa. Treni ikichelewa kwa sababu ya ng'ombe, anaandika ng'ombe na rangi yake. Miaka yote hiyo samaki ametusimamisha hapa, atakosaje kumwandika?"

Haranath akarudi hatua moja nyuma.

"Daftari... kabati limefungwa," alisema. "Ufunguo sijui umepotelea wapi."

"Umening'inia tumboni mwako," Khiroda akasema.

Ulikuwa unaning'inia kweli, kwenye uzi wake mtakatifu, pale ambapo Wabrahmin wote wa huku, watu wa tabaka lake, hutundika funguo zao wakidhani haziwezi kuonekana. Haranath akaushika kama mtu aliyeumwa na siafu, akaingia ofisini, akakaa humo muda mrefu kuliko kabati lilivyohitaji, akatoka na madaftari hadi kidevuni. Yalikuwa kumi na tisa. Manane ya mwanzo, alisema, mchwa walikula.

"Hata wao wamekula risiti," dereva Momin akasema kutoka kwenye injini.

Afisa akafungua moja, akatafuta, akasoma. "Siku ya Mkwe. Kuchelewa dakika kumi na mbili. Sababu: kumkabidhi mwenye bwawa samaki." Akafungua jingine. "Dakika kumi na nane. Sababu: kumkabidhi mwenye bwawa samaki." La tatu. "Dakika arobaini na moja. Sababu: mwenye bwawa amemkataa samaki kwa udogo, akaletwa mwingine."

"Yule alikuwa dagaa," Khiroda akaeleza.

Afisa alisoma daftari baada ya daftari, na kila aliposema "mwenye bwawa" Nibaran alihamisha mwavuli kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ilibaki la mwisho.

"Mwaka jana. Dakika kumi na tano. Sababu: kumkabidhi mwenye bwawa samaki."

Nibaran akainuka mzima mzima. "Ngoja hapo, Bwana. Kadi yake inasemaje? Inasema mwaka jana hakulipwa. Daftari linasema amelipwa. Ama mama huyu ni mwongo, ama daftari ni la uwongo. Na daftari likidanganya mwaka mmoja, nani atanihakikishia hiyo kumi na minane?"

Bwana Tofazzal akaweka kalamu mezani. "Mama, mwaka jana ulipokea samaki?"

Neno moja tu lilitakiwa. Akisema "nilipokea", daftari linasimama, bwawa ni lake, na jiko la Kalkuta libaki na nafasi yake. Jirani yake alimfinya kiuno ili alitamke. Khiroda akausukuma ule mkono.

"Sikupokea. Nilipika boga. Mkwe wangu mpaka leo hajarudi. Nikisema nilipokea, nitamwambia nini binti yangu, kwamba samaki nilikula mimi mjane mafichoni?"

Afisa akashusha pumzi. Nibaran akafungua mwavuli wake, ingawa walikuwa kivulini.

Ndipo ikasikika sauti ya Haranath, ndogo, kama iliyotoka kwenye kiatu.

"Samaki alikuja."

Watu wote wakamgeukia.

"Alikuja, Bwana afisa. Momin alinikabidhi, akaenda zake bwawani kujaza maji. Ratili tano, sijapata kuona ilishi mnene namna ile. Asubuhi ileile mkwe wangu mwenyewe alishuka bila taarifa, na rafiki zake wawili, na nyumbani kwangu kulikuwa na dengu. Mke wangu alinitazama. Nikasema nitamlipa shemeji kesho yake." Akavua ile kofia mpya, akaishika mbele ya tumbo. "Daftari nilikuwa nimekwisha kuliandika alfajiri. Siku hiyo huwa naandika mapema, maana najua itakuwa hivyo tu. Na kuchelewa tulichelewa kweli, dakika kumi na tano, kwa sababu ya samaki. Ila mikononi mwake hakufika."

"Ukamla," afisa akasema.

"Kwa haradali na pilipili mbichi. Bwana, mimi ni mtu wa kusema kweli: alikuwa mtamu."

"Una shahidi kwamba ulimla?"

Haranath akamtazama Khiroda, akajishika koo tena. Lakini Khiroda alikuwa amekwisha kuelewa. Alihesabu kwa vidole, Siku ya Mkwe, kesho yake, na zile siku nane za bendera.

"Ile sauti," alisema polepole. "Haikuwa mafua. Ulikwamwa na mwiba."

Haranath akainamisha kichwa.

"Mwiba wa samaki wangu. Nami nikakuletea asali na majani ya mrihani, asubuhi na jioni, nikakwambia pole shemeji."

"Ulisema pia nipumzike," Haranath akanong'ona.

Ingekuwa mahali pengine wangepigana. Dhulgaon walicheka mpaka mwenye machozi akamshika mwenye kikohozi. Muuza vyungu alikaa chini kwenye benchi la kijani akasahau, akainuka na mistari matakoni. Hata Khiroda alifunika mdomo kwa pindo la sari, ingawa macho yake hayakucheka bado.

Bwana Tofazzal aliandika kwa muda. Kisha akasoma: kwamba masta wa stesheni amekiri kumpokea kwa niaba ya Kampuni samaki aliyepaswa kumfikia mama Khiroda, kwamba kwa hiyo Kampuni ilikuwa inalijua deni lake mpaka mwaka jana, kwamba mpangaji hawezi kuuza, na kwamba bwawa linafutwa kwenye orodha, pamoja na mabenchi kumi na mawili na mti wa mkwaju. Nibaran alitaka kusema kitu juu ya mkwaju. Kunguru wakamtangulia.

"Na kuhusu masta," afisa akaongeza, "Serikali haina safu ya kuandikia samaki aliyeliwa. Nikiandika wizi, itabidi nieleze thamani, na samaki hayupo. Hilo namwachia mwenye samaki."

Khiroda akachukua sinia lake, maana alikuja nalo, akapita mbele ya Haranath bila kusimama.

"Ratili tano," alisema. "Nimesikia."

Siku ya Mkwe ilipofika, samaki wa Serikali alikuwa bado Kalkuta akisubiri sahihi ya tatu. Mpangaji mpya alikubali kodi ya zamani, ila ilibidi kwanza aelezwe kwa maandishi ilishi ni nini na kwa nini kodi isilipwe kwa hundi. Shangazi akafika na saa moja na nusu za kuchelewa. Kutoka behewa la pili walishuka Shoilobala, mzito wa miezi sita, na mwalimu Gopeshwar, ambaye kisa cha mwiba kilikwisha kumfikia Kusumhati mara tano, kila mara mwiba ukiwa mrefu zaidi. Aliinama kugusa miguu ya mama mkwe wake na kusema kazi ilikuwa nyingi. Khiroda akamwambia anajua.

Walipofika nyumbani Haranath alikuwa amekaa kwenye ngazi za bwawa, bila kofia, na kitu kirefu mapajani kilichofungwa kwa jani la mgomba. Alikuwa amekwenda gati la Palashdanga kwa miguu tangu alfajiri, kwa sababu siku hiyo, alisema, asingeweza kumpandisha samaki kwenye treni na kulitazama daftari.

"Ratili tano," alisema. "Na robo."

"Hiyo robo ni ya jani," Khiroda akajibu, lakini alimpokea samaki.

Shoilobala ndiye aliyemparua magamba majini, kwenye ngazi za baba yake, na ndiye aliyempika, mama yake amekaa mbali upande wa upepo akitoa amri za haradali. Kichwa kikaenda kwa mwalimu, kama inavyostahili. Haranath akaaga mara tatu na mara tatu akaambiwa akae. Khiroda mwenyewe alimpelekea sahani, mkono umenyooka, pua pembeni, kipande cha mkiani penye miiba mingi kama sindano za fundi.

"Deni limekwisha, shemeji," alisema. "Sasa kula polepole. Asali mwaka huu sina."